Safu ya Santuri Zilizorudi

Ninyi wawili mlioachiwa kaunta yangu mliniuliza, siku ile ya kuniaga, ni jambo gani la kazi hii ambalo halimo kwenye fomu. Niliwajibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri miezi mitatu, maana mstaafu akishamaliza chai ya asubuhi hana kingine cha kufanya, na jibu limekuwa refu kuliko nilivyotaka. Someni polepole, na mteja akiingia mhudumieni kwanza.

Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini sitaeleza. Habari za kwanza ni chache na za pili ni ndogo. Nitaeleza jinsi tulivyokuwa tukihesabu santuri, kwa sababu mnadhani santuri iliyouzwa ni ile iliyotoka dukani, basi. Hata mimi nilidhani kuhesabu ni kazi rahisi. Kosa langu moja la hesabu lilimnyamazisha mtu niliyempenda, na halikutokana na uvivu. Ningekuwa mvivu kidogo pengine asingenyamaza.

Nilianza kazi kwa Bwana Hirji mkubwa, mwenye duka, miaka michache kabla ya vita vya pili, nikiwa mtu mzima niliyekwisha kuchoka na ukarani wa mizigo stesheni. Duka lilikuwa hapo hapo lilipo, ila mbele palikaa cherehani na taa za chemli, baiskeli zilining'inia darini, na gramafoni zilikuwa nyuma kabisa karibu na mlango wa ghala. Upande wa santuri uliongozwa na Mzee Abdurehmani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia safi na ulimi mkali. Siku ya kwanza alinipa kasha nilifungue. Santuri za wakati ule hazikuwa hizi zenu za plastiki zinazopindika. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama vyungu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimevunja mbili.

Nilingoja kufukuzwa. Mzee Abdurehmani akainama, akaokota vile vipande vya katikati vyenye karatasi ya jina, akavipuliza vumbi.

"Kampuni ya santuri haitaki kuona machozi yako," alisema. "Inataka lebo. Ukiipelekea lebo inaamini imevunjika. Usipopeleka, inaamini umeuza na hela umekula. Haya, fagia."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja jioni ile ile, aliponipa daftari dogo la jalada jeusi linaloingia mfukoni. Akaniambia kila santuri nitakayouza niandike jina la wimbo, jina la mnunuzi na mahali anapotoka. Nikamuuliza kama kampuni inataka majina.

"Kampuni inataka jumla tu. Fomu ni yao, daftari ni lako. Siku mtu akirudi kukuambia umemuuzia santuri mbovu, utajua kama ni kweli ni wewe au ni mwenzako wa duka la jirani."

Fomu yenyewe ilikuwa na safu tatu: Zilizopokelewa, Zilizorudi, Zilizobaki. Katika safu ya Zilizorudi tuliandika zilizovunjika njiani na zile zenye kasoro ambazo tulizirudisha kiwandani. Ukichukua zilizopokelewa, ukatoa zilizorudi na zilizobaki, unapata zilizouzwa. Kampuni, iliyokuwa na ofisi yake Nairobi, ilikusanya fomu kutoka kila mji na ndivyo ilivyojua mwimbaji gani wa kuitwa tena na yupi aachwe. Mwimbaji hakuonekana popote kwenye karatasi hiyo. Ilionekana namba ya santuri, na mbele yake hesabu, na chini kabisa sahihi yangu.

Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wa mlimani. Malipo ya kahawa yakitoka, walishuka kutoka Old Moshi, Kilema na Kirua Vunjo, wakanunua bati, blanketi, na mwisho, baada ya kuzunguka sana kama wasiotaka, santuri. Walizifunga kwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, wakazipanga kwenye kikapu katikati ya nguo. Sikumbuki mteja wa mlimani aliyevunja santuri njiani. Walizimaliza kwa namna nyingine. Sindano ya gramafoni ilitakiwa kubadilishwa kila upande ukiisha, lakini wao sindano moja waliitumia mpaka iwe butu, wakainoa kwenye jiwe, wakaendelea. Ikipotea kabisa walichonga mwiba wa mchongoma. Santuri iliyopigwa hivyo ilipoteza weusi wake, ikawa ya kijivu kama jivu la kuni, na sauti ikawa inatoka kwa mbali. Mzee Abdurehmani alikuwa akiishika santuri ya namna hiyo juani na kusema, "Hii imependwa mpaka ikafa." Nilicheka naye. Sikuyaweka maneno hayo mahali pa kuyakumbuka siku ya haja.

Lazima niseme pia nilivyokuwa nikiishi, kwa sababu nalo limo katika kosa. Nilikuwa na chumba mtaani Njoro, kile ambacho marehemu mama aliniachia. Posa moja iliharibika na ya pili sikuitafuta. Nilitoka dukani, nikaswali, nikapika kwa sufuria dogo, nikala nikitazama ukuta. Gramafoni sikuwa nayo. Nilijiambia kwamba mtu anayesikia muziki kutwa kazini hahitaji kuusikia nyumbani, lakini ukweli ni kwamba kupiga santuri chumbani peke yako ni kazi ya huzuni, nami nilijaribu mara moja kwa gramafoni ya kuazima. Wateja wa mlimani walinipenda, wakaniita Karani Selemani, wakaniletea ndizi. Lakini hawakunialika kwao. Walipokutana walikutana kwenye vilabu vya mbege, pombe yao ya ndizi, na mimi, Mwislamu nisiyeonja, ningekwenda kufanya nini huko? Kwa miaka yote hiyo Kilimanjaro niliijua kwa kuitazama kutoka barabarani.

Sasa nifike kwa Aikande.

Alikuwa binti wa Kirua Vunjo, baba yake mzee wa kanisa, mtu wa Kilutheri aliyenyooka kama rula. Mtu wa kampuni alipita mlimani akitafuta sauti, akamsikia Aikande akiimba na wanawake wenzake walipokuwa wakipandisha majani ya ng'ombe kutoka nyikani, mzigo kichwani, mlima mbele yao. Ndivyo wimbo wenyewe ulivyokuwa: wimbo wa Kichaga wa mwanamke anayepanda na mzigo wa majani, anayeuambia mlima usogee karibu kidogo. Baba alikasirika aliposikia kwamba ataimba wimbo wa dunia kwenye mashine. Mjomba akaingilia kati, Aikande akapelekwa Nairobi, akaimba, akarudi na blanketi moja na ahadi kwamba wimbo ukinunuliwa ataitwa tena.

Santuri zilipofika, yeye mwenyewe alishuka mjini siku ya soko kuisikiliza, maana kwao gramafoni haikuwapo na haikuwa karibu kuwapo. Niliiweka ile tuliyoiita ya kuonjea, iliyokaa kaunta kwa ajili ya wateja wanaotaka kusikia kabla ya kununua. Nikazungusha handeli. Alisimama wima, mikono yote miwili imeshika ukingo wa kaunta.

"Ndiye mimi huyo?" aliuliza.

"Ndiye wewe."

"Mbona ana huzuni hivyo? Mimi siku ile nilikuwa na njaa tu."

Tangu siku hiyo alipita kila alipokuja sokoni. Aliweka kikapu chini, akaniamkia shikamoo, maana nilimzidi miaka kama kumi, nami nikaweka santuri bila kuulizwa. Alisikiliza upande wa kwanza, upande wa pili, akasema, "Asante, karani," akaondoka. Hatukuwa na mazungumzo zaidi ya hayo. Nilianza kuijua siku ya soko hata kabla sijatazama kalenda. Nilimpenda. Nayaandika waziwazi sasa kwa kuwa hayawezi kumdhuru mtu. Wakati ule nilikuwa na sababu zangu, dini yake na dini yangu, umri wangu, chumba changu, na zote zilikuwa sababu nzuri sana za mtu mwoga.

Kisha vita vikaja, na malighafi ya kutengenezea santuri ikaadimika. Kampuni ikatoa amri kwamba anayetaka santuri mpya alete kuukuu, nzima au iliyovunjika, alimradi lebo isomeke. Zile kuukuu zilijazwa kwenye makasha, zikapelekwa kuyeyushwa. Amri ilikuwa na akili. Shida ni kwamba hawakuchapa fomu mpya. Safu zilibaki tatu zile zile. Santuri kuukuu iliyoletwa na mteja, je, iandikwe wapi? Mzee Abdurehmani angejua, lakini alikuwa amerudi Tanga na kifua chake, na kabla ya mwaka kwisha tukapata habari ya msiba. Sikuwa na mwingine wa kumwuliza. Bwana Hirji alisema, "Imerudi? Andika imerudi."

Nikaandika imerudi.

Miaka yote ya vita nilifanya hivyo, kwa mwandiko mzuri. Mteja alileta santuri ya kijivu, nikaisoma lebo, nikaijumlisha kwenye safu ya Zilizorudi mbele ya namba ya wimbo huo, nikamuuzia mpya kwa bei yake. Mara nyingi lebo aliyoleta na lebo aliyoondoka nayo zilikuwa za wimbo mmoja. Niliona hilo. Niliona hata kwamba wimbo ulikuwa wa majani. Sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa karani hodari, na karani hodari akishapata safu ya kujaza hupata pia usingizi.

Vita vilipokwisha, ikaja barua kutoka Nairobi. Kampuni ilikuwa inarudi kurekodi, na ilitaka hesabu ya kila wimbo tangu siku ya kwanza. Mwimbaji ambaye wimbo wake umefika santuri hamsini katika mji wetu ataitwa. Asiyefika ataachwa.

Aikande alizisikia habari hizo kabla sijamaliza kujumlisha. Alishuka siku isiyo ya soko. Hakuomba kusikiliza chochote.

"Karani, nataka namba," alisema. "Baba amenena mbele ya wazee wenzake. Amesema, wakifika hao hamsini atanyamaza yeye. Wasipofika ninyamaze mimi, nisiimbe tena hata shambani."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi nitaonaje? Nyumbani hatuna mashine, na vilabuni mtoto wa mzee wa kanisa hakanyagi. Nausikia hapa kwako tu."

Nilifungua fomu mbele yake ili aone kwamba sifichi kitu. Zilizopokelewa, tisini na sita. Zilizobaki, tatu. Zilizorudi, sabini na nne. Nikatoa kwa penseli huku anatazama, nikarudia kutoa kwa mara ya pili, nikitumaini kwamba nimekosea. Ilitoka ile ile.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Kumi na tisa?"

"Ndiyo."

"Na hizi nyingi zilizorudi, ndiyo kusema walinunua wakazikataa?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na mimi nilisimama mlangoni na ufunguo mfukoni. Daftari langu jeusi lilikuwa kwenye koti. Ningelifungua ukurasa wowote ningeona majina. Badala yake nilimjibu kwa sauti ya fomu.

"Zimerudi. Zikirudi hatuzihesabu."

Baadaye, kabla ya kuituma fomu, nilishawishika, nawaambieni kweli, kuandika hamsini na mbili nikatia sahihi. Nilikaa na wazo hilo siku mbili. Nikalikataa, nikajisifu moyoni kwamba sikudanganya hata kwa ajili yake. Kumbe ule uongo ungekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ukweli wangu. Yeye, siku ile ya namba, alifunga kitambaa chake vizuri, akasema, "Asante, karani," kama siku zote, akatoka. Siku ya soko iliyofuata hakupita. Wala iliyofuata hiyo.

Walioitwa Nairobi walikuwa wengine. Kuna mmoja aliyeimba dansi, sitamtaja, ambaye santuri zake zilifika sitini na haikurudi hata moja. Zilinunuliwa na makarani na mafundi, zikakaa kabatini zikiwa nyeusi zinang'aa, wageni wakaoneshwa majina. Hazikurudi kwa sababu hakuna aliyezipiga mpaka zikachakaa. Alirekodi nyimbo nne zaidi.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa sehemu. Santuri zikawa nyepesi, redio zikaingia, na kampuni ikaanza kuuliza ni barua ngapi za salamu zinaomba wimbo fulani. Nilijifunza kuhesabu barua. Kuna bwana mmoja wa Old Moshi aliyeandika barua thelathini peke yake kwa ajili ya wimbo wa shemeji yake, akibadilisha wino. Kila zama na namna yake ya kukosea, na vijana, namna yenu bado hamjaiona. Chumba changu Njoro kilibaki vile vile. Siku za soko nilikuwa nikiinua macho mlango ukifunguka, mpaka nikalazimika kuhamisha kiti changu kielekee ghalani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia mzee mmoja mnene, mcheshi, fimbo mkononi, akaniambia anaitwa Ndesario, mwenye kilabu Kirua Vunjo.

"Meku, mzee wangu, hunikumbuki? Mimi nilikuwa mteja wako wakati wa vita. Nataka ile santuri ya majani. Nimeimaliza ya mwisho."

"Ya mwisho? Ulikuwa nazo ngapi?"

"Nimenunua saba! Ile moja inapigwa tangu watu wanapoingia kilabuni mpaka mbege inakwisha, unafikiri itakaa? Ikishakuwa kijivu nakuletea, unanipa nyingine. Vilabu vyote vilifanya hivyo, Kilema, Marangu, huko kote. Wanaume wazima walikuwa wanalia, mbe, bwana wangu, kwa ajili ya majani ya ng'ombe."

Nilimwambia zimekwisha. Nadhani nilimwambia. Alipoondoka nilikaa kwenye kasha ghalani, na Bwana Hirji mdogo, aliyerithi duka la baba yake, akaniuliza kama ninaumwa.

Madaftari ya jalada jeusi yalikuwa kumi na moja, yote nyumbani chini ya kitanda. Ijumaa baada ya swala niliyatoa uani kwenye mwanga, nikaanza kutafuta wimbo mmoja, na kila jina nililolipata nikalinakili nyuma ya daftari la mwisho. Ilinichukua Ijumaa tatu. Ndesario alikuwapo mara saba, kama alivyosema. Katika zile sabini na nne nilizoandika zimerudi, zilizovunjika njiani au zenye kasoro zilikuwa nane tu. Sitini na sita zilikuwa zimenunuliwa, zikapigwa zikafa, zikaletwa nami nikazitoa kwenye hesabu. Kila mtu aliyeupenda wimbo ule mpaka akaumaliza nilikuwa nimempunguza. Jumla ya kweli ilikuwa themanini na tano.

Siku Ndesario alipopita tena nilimweleza. Hakucheka. Aliniuliza kama nitapanda kwenda kumwona, nikasema sijawahi kupanda, akashangaa kuliko alivyoshangaa habari ya hesabu.

"Usiende mikono mitupu," alisema. "Na usibebe sukari. Beba isale."

Isale ni lile jani refu la mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya migomba. Mchaga akiletewa jani hilo na aliyemkosea, hawezi kumfukuza bila kumsikiliza. Ndesario alinikatia mwenyewe kihambani kwake, akaniletea limefungwa fundo.

Nilipanda kwa lori la mbao mpaka lilipoishia, nikaendelea kwa miguu kando ya mfereji, kati ya migomba na mibuni, nikisimama kila hatua ishirini kuvuta pumzi. Nilikuwa na miaka ya kustaafu na viatu vya dukani. Nilimkuta uani kwake akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Nywele zake zilikuwa na mvi mbele. Aliinua uso, akanitambua, akaliona jani.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, Aikande."

Alilipokea isale, akanionesha kigoda. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, safu kwa safu, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kusema. Nilipofika themanini na tano aliacha kutazama mikono yake.

"Baba alikufa akijua kumi na tisa," alisema.

"Najua. Ni mkono wangu."

"Na mimi nimeishi nikijua kumi na tisa. Kanisani nafungua mdomo tu, sitoi sauti." Akanigeukia. "Una majina?"

Nilitoa daftari. Nikasoma yote, jina na mahali, na alikuwa akisema, "Huyo namjua," "Huyo alihamia Rombo," "Huyo, hata huyo?" Nilipofika jina moja alinisimamisha, akaniomba nirudie. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenzake baba yake, mmoja wa wale waliokaa kikao cha kumnyamazisha. Pembeni nilikuwa nimeandika alivyonieleza siku ile: anamnunulia mpwa. Mara mbili alimnunulia mpwa.

"Hana mpwa!" akasema Aikande, na akacheka mpaka akaweka panga chini. Nikacheka naye. Kwa muda ule mfupi sikuwa mpweke hata kidogo, nikagundua kwamba nilikuwa nimesahau hali hiyo ilivyo.

Kisha akajaribu kuuimba, kwa sauti ndogo. Alifika mwisho wa ubeti wa kwanza akakwama.

"Wa pili nimeusahau. Umekwenda."

Mimi Kichaga sikijui. Lakini wimbo ule nilikuwa nimewapigia wateja kaunta kwa miaka, na siku zisizo na wateja niliupiga pia. Nikamtajia ubeti wa pili, neno kwa neno, kama nilivyoushika, mtu wa Njoro aliyekaa kwenye kigoda na daftari magotini. Alinirekebisha mara tatu. Nilipomaliza alinitazama sana, na hakuwa anacheka tena.

"Unaujua wote," alisema. "Umenisomea majina themanini na tano. Jina lako liko wapi humo?"

Nilitazama daftari kama kwamba huenda lingekuwamo. Nilitaka kumweleza kwamba niliusikia bure kazini, kwamba gramafoni sina, kwamba karani hanunui anachohesabu. Sababu nzuri zote. Sikumpa hata moja.

"Halimo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua panga, akaendelea kukata majani. Ng'ombe walikuwa wanangoja. Baada ya muda aliniambia nishuke kabla mvua haijafika, njia inateleza.

Wiki iliyofuata mliniaga. Bwana Hirji mdogo alinipa saa ya ukutani yenye jina langu, nanyi mlinipigia makofi. Mtakumbuka kwamba niliomba kitu kingine, mkadhani nina utani: ile santuri ya kuonjea, ya kijivu, iliyokuwa bado nyuma ya rafu ya juu. Bwana Hirji alisema nichukue tu, haiuzwi, imekufa. Nikakataa. Niliweka bei yake ya zamani juu ya kaunta, nikamfanya aipokee, mkatazamana.

Hamkuona nilichofanya baadaye nje, chini ya baraza. Niliifunga santuri kwa majani makavu ya mgomba, nikaiweka kwapani, nikatoa daftari la jalada jeusi. Chini ya jina la mwisho nikaandika themanini na sita. Selemani, karani, Njoro.